Kuifuata Barabara ya Sclater kwa miguu, kutoka Nakuru hadi Mumias

Kosa la kwanza la wanaoitafuta barabara hii, iliyokatwa na wanajeshi wa Uingereza mwaka 1895 na 1896 kwa ajili ya magari ya maksai, ni kudhani kwamba iko chini ya lami. Mtu anapanda matatu ya Eldoret pale Nakuru, anapita Salgaa, Sachang'wan na Mau Summit akichungulia dirishani, akiamini kwamba magari ya maksai ya mwaka 1896 yalipita papo hapo. Hayakupita. Barabara kuu ya A8 hutoka Nakuru ikapanda Mau kuelekea magharibi, ndipo ikageuka kaskazini. Barabara ya wanajeshi ilielekea kaskazini-magharibi moja kwa moja hadi Eldama Ravine. Hizi mbili zinakuja kukaribiana huko juu tu, upande wa Timboroa.

Kosa la pili ni kutafuta mstari. Barabara ya magari ya ng'ombe haikuwa mstari. Ilikuwa kama shanga kwenye uzi uliolegea: shanga ni vivuko vya mito na kambi zenye maji na majani, na uzi ulikuwa ukihama kila msimu. Matope yakizidi mahali, mwendeshaji aliwapitisha maksai pembeni, na mwaka uliofuata pembeni hapo ndipo palipokuwa barabara. Ila kwenye kingo za mto hakuwa na hiari, kwa sababu gari lililobeba mzigo lingeweza kuteremka mahali pamoja au pawili tu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na shanga. Ukishapata vivuko, uzi wa katikati unaweza kuuchora kwa penseli laini bila aibu.

Barabara yenyewe

Kapteni Bertram Sclater, mhandisi wa jeshi la Uingereza, akisaidiwa na Luteni G. E. Smith, aliianza kazi mwaka 1895 huko Kibwezi, mahali ilipokomea barabara ya Mackinnon kutoka pwani. Mwaka uliofuata ilikuwa imefika upande wa Ziwa Viktoria. Sclater alifariki Zanzibar mwaka 1897, na jina lake likabaki kwenye ramani.

Mambo matatu katika historia hiyo yanabadilisha namna ya kutafuta.

Barabara ilikusudiwa magari ya maksai, lakini mizigo mingi iliendelea kupita vichwani mwa wapagazi, ratili 60 au 65 kila mmoja, yaani karibu kilo 27 hadi 30. Mpagazi hukata kona na kupanda wima, gari haliwezi. Ndiyo maana mlimani utakuta alama za aina mbili zinazoachana na kukutana tena, na zote ni za kweli.

Hadi tarehe 1 Aprili 1902, nchi yote kuanzia Naivasha kwenda magharibi ilikuwa chini ya Uganda, si chini ya utawala wa Mombasa. Anayetafuta nyaraka za Ravine za mwaka 1897 chini ya jina la Kenya anatafuta ng'ombe katika zizi la jirani.

Na barabara iliishi muda mfupi. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu Desemba 1901, kukawa hakuna sababu tena ya kupeleka gari Mumias kupitia Ravine. Miaka sita hivi ya matumizi makubwa haiachi handaki refu kila mahali. Usitarajie kilomita 200 za alama. Vipande vya mita 80 hapa na mita 300 pale ni mavuno mazuri.

Kama barabara hii inastahili kuitwa ya kijeshi, ushahidi ni Septemba 1897. Askari wa Kisudani waliowatumikia Waingereza, waliokusanyika Ravine kwa msafara wa Meja Macdonald waliasi hapo, kisha wakaelekea magharibi kupitia Nandi na Mumias hadi Busoga. Mfuatie muasi njia yake na utakuwa umefuata sehemu kubwa ya safari hii.

Hatua ya kwanza: ramani, kabla ya viatu

Unahitaji tabaka tatu za ramani.

Ya kwanza ni za zamani. British Library ya London imeweka mtandaoni, bure, mamia ya ramani za Afrika Mashariki zilizokuwa za Idara ya Vita ya Uingereza, kuanzia karibu 1890. Pakua zinazogusa Nakuru, Ravine, Nandi na Mumias. Nyingi ni michoro ya safari: afisa alitembea na dira na saa, akaandika alichokiona kushoto na kulia kwake. Mto ulio kwenye njia uko sahihi. Mto ulio kilomita kumi pembeni ni wa kusimuliwa.

Ya pili ni karatasi za topografia za skeli ya 1:50,000, zinazouzwa na Idara ya Upimaji wa Ardhi, Ruaraka, Nairobi. Sentimita mbili ni kilomita moja. Chukua matoleo ya zamani kadiri utakavyoyapata, kwa sababu yanaonyesha njia za miguu na mipaka ya mashamba kabla hayajagawanywa. Soma pembezoni kwanza: baadhi ya karatasi zina kontua (mistari ya mwinuko) za mita 20, nyingine za futi 50, na ukizichanganya utapima mteremko usiokuwepo. Idara hiyo hiyo ina picha za ndege za miaka ya 1940 na 1950, zilizopigwa wakati nchi hii ilikuwa na miti mingi na mabati machache. Kwa kipande cha Uasin Gishu, jozi moja ya picha hizo ina faida kuliko wiki ya kutembea.

Ya tatu ni picha za setilaiti za sasa. Tumia kitelezi cha tarehe na uchague Januari au Februari. Mahindi yameshavunwa, nyasi zimekauka, na udongo ulioshindiliwa huonekana kama ukanda wa rangi tofauti, kwa sababu nyasi juu yake hukauka mapema. Picha za Juni hazikufai kitu. Kila mahali ni kijani.

Nyaraka za maandishi ziko Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Kwa miaka ya kabla ya 1902 tazama pia za Uganda, na mafaili ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza huko Kew, kundi la FO 2. Unaposoma, nakili vitu vitatu tu: majina ya kambi, muda wa mwendo kati ya kambi, na kila neno kuhusu mto. Maoni ya maafisa kuhusu wenyeji hayatakusaidia kupata kivuko.

Hatua ya pili: kuzilaza ramani juu ya ardhi

Hapa ndipo kazi za wengi huharibikia, na Nakuru ni mahali pabaya pa kujifunzia, kama utakavyoona.

Karatasi za 1:50,000 zimepimwa kwa msingi wa Arc 1960, yaani kipimo cha umbo la dunia ambacho nambari za mahali huhesabiwa kwacho. Simu yako inatumia msingi mwingine, WGS 84. Ukisoma nambari kwenye karatasi na kuziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utasimama karibu mita 300 mbali na mahali penyewe. Kugeuza kwa haraka ukiwa porini: kwenye namba ya kaskazini toa 300, kwenye namba ya mashariki ongeza 90. Hiyo inatosha kukufikisha kwenye kivuko. Nyumbani, acha QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ifanye hesabu yenyewe kwa kuipa msimbo sahihi wa ramani.

Sasa taabu ya Nakuru. Gridi ya UTM, yaani mistari ya mita inayochorwa juu ya ramani, imegawanywa kwa kanda, na ukanda wa 37 unaishia kwenye longitudo ya 36, na mstari huo unapita kilomita saba hivi magharibi ya katikati ya mji, kabla hujafika Kabarak. Unapouvuka ukielekea magharibi, namba ya mashariki inaruka kutoka karibu 166,000 hadi karibu 834,000. Kisha, kabla ya Ravine, unavuka ikweta, na namba ya kaskazini inatoka karibu 10,000,000 na kuanza upya kwenye sifuri. Katika kilomita 55 nambari zako zimevunjika mara mbili. Misimbo ya kuipa QGIS ni hii:

EPSG:21037 kwa Nakuru mjini, ukanda wa 37 kusini ya ikweta.
EPSG:21036 kwa Kabarak na Rongai, ukanda wa 36 kusini.
EPSG:21096 kwa Ravine, Timboroa na kuendelea hadi Mumias, ukanda wa 36 kaskazini.

Usiweke kumbukumbu zako kwa nambari za gridi. Weka kwa digrii na desimali tano za WGS 84, kwa mfano 0.05123, 35.71456, na gridi utumie tu kwa kusoma karatasi. Desimali tano ni kama mita moja. Zaidi ya hapo unajidanganya, maana simu yenyewe hukosea mita tatu hadi kumi.

Ramani za zamani hazina gridi ya kuaminika. Longitudo zake zilitegemea saa zilizosafirishwa begani, na saa ikichelewa sekunde nne, ramani imehama dakika moja ya longitudo, karibu kilomita 1.85. Kwa hiyo usizifunge, yaani usizilinganishe na ardhi, kwa mistari yake ya longitudo. Zifunge kwa vitu vya asili visivyohama:

1. Fungua chombo cha kufungia ramani ndani ya QGIS na uipakie picha.
2. Chagua maungano ya mito, vilele, na kingo za miamba. Ukingo wa Menengai ni mzuri. Ufuo wa Ziwa Nakuru haufai, kwa sababu maji yamepanda na kushuka mno.
3. Weka angalau nukta 6 kwa ugeuzaji rahisi. Nukta 3 hutosha kihesabu, lakini hazikuonyeshi kosa lako.
4. Tazama nukta yenye kosa kubwa kupita zote. Usiifute haraka, mara nyingi ni mto uliobadilishwa jina.
5. Kata ramani ndefu vipande vya siku mbili za mwendo na ufunge kila kipande peke yake. Ramani nzima ikifungwa kwa pamoja, kosa la Nandi linavuta Ravine.

Kwenye ramani ya 1:1,000,000, unene wa kalamu ya mchoraji peke yake ni nusu kilomita. Ukishaifunga, usichore mstari. Chora mkanda wa kilomita mbili kila upande, halafu ndani ya mkanda huo tia alama kila mahali mto unapokatwa na njia ya miguu, mpaka wa shamba au mpaka wa kata usionyooka. Mpaka uliopimwa ofisini huwa umenyooka. Unaopindapinda bila mto wala kilele ulikuwa unafuata kitu.

Hatua ya tatu: kuipima hatua ya siku

Maksai waliobeba walihitaji maji, majani, na muda wa kucheua. Gawanya njia kwa hatua za kilomita 15 hadi 20 na utazame maji yako wapi. Nakuru hadi Ravine ni kama kilomita 55 kama ndege arukavyo, kwa hiyo nne hivi. Ravine hadi Mumias ni karibu 140, yaani tisa au kumi kwenye tambarare na zaidi msituni. Mahali penye kijito cha kudumu, uwanda wa kulishia na mwinuko mdogo wa kulindia, panapoangukia mwisho wa hatua, ndipo pa kwenda kutazama kwanza.

Majina yenye neno Kampi yachunguze, lakini usiyaamini haraka. Kambi za wapasuaji mbao, za wajenzi wa reli na za vibarua wa mashamba ya walowezi zimeacha majina hayo hayo.

Hatua ya nne: ruhusa na maswali

Kwenye mashamba, anza na naibu wa chifu au mzee wa Nyumba Kumi wa hapo. Mgeni anayetembea na ramani na utepe wa kupimia bila kujitambulisha hueleweka kama mpimaji wa serikali au dalali wa ardhi, na eneo hili lina kumbukumbu chungu za wote wawili. Sema mapema kwamba hupimi shamba la mtu. Kwenye msitu wa serikali pitia kituo cha Huduma ya Misitu kilicho karibu. Droni lazima iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kuchimba au kuokota vitu vya kale bila leseni kunakatazwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Ukiona ushanga, ganda la risasi au kwato ya chuma, piga picha, andika nambari, uache palepale. Kifaa cha kutafutia chuma kibaki nyumbani. Kikionekana tu, kijiji kizima kitajua unatafuta dhahabu, na usiku watakuja kuchimba pale ulipokuwa umesimama.

Kuhusu maswali: usiulize habari za Sclater. Uliza, "Mzee, zamani mto huu ulivukwa wapi kabla ya daraja?" Swali hilo lina jibu. Ukikaa na bibi mzee, kogo upande wa Ravine au kukhu upande wa Kabras, muulize walipokuwa wakichotea maji na walikopelekea ng'ombe wakati wa kiangazi, maana vivuko vya ng'ombe na vya magari mara nyingi ni vilevile. Kisha mwombe kijana akupeleke, badala ya kuelekezwa kwa kidole.

Kuna mtego mmoja mkubwa. Uasin Gishu na Timboroa utaambiwa habari za magari ya Makaburu. Hao ni walowezi waliotoka Nakuru na magari ya maksai mwaka 1908 kwenda Uasin Gishu. Walipita miaka zaidi ya kumi baada ya Sclater, na wenyeji wanaikumbuka zaidi safari yao. Njia ya Makaburu ikitajwa, iandike kwa rangi yake yenyewe, usiichanganye.

Hatua ya tano: vifaa

Simu yenye programu ya ramani isiyohitaji mtandao, ramani zote zikiwa zimepakiwa kabla. Betri ya akiba ya 20,000 mAh kwa siku mbili. Utepe wa mita 5 na wa mita 30. Dira. Kipima mteremko, hata cha simu, mradi umekijaribu juu ya meza iliyosawazishwa. Fimbo mbili za mita 1.5 zilizopakwa rangi kila sentimita 25. Daftari la karatasi na penseli, kwa sababu kalamu ya wino hufa kwenye ukungu wa Timboroa. Panga usibebe msituni bila kumwambia mlinzi. Maji lita nne kwa mtu kwa siku katika bonde, tatu huko juu. Sweta nzito na koti la mvua: Timboroa iko juu ya mita 2,700, na aliyeondoka Rongai na fulana atajuta saa kumi na moja jioni.

Msimu ni Januari na Februari. Kuanzia katikati ya Machi udongo wa Rongai hukatika kandokando ya makorongo, na upande wa magharibi mvua huendelea hata baada ya ile ya masika kuisha kwingine.

Hatua ya sita: kusoma ardhi

Kivuko cha gari hutambulika kwa njia mbili za kuteremkia zinazotazamana, moja kila ukingo, zimekatwa kwa mshazari ili kupunguza mwinuko, na chini yake mto una sakafu ya mwamba au kokoto. Ng'ombe hufanya vijia vingi vinavyopanuka kama kipepeo. Gari hufanya kimoja. Malori ya mchanga pia hukata njia za kuteremkia, lakini huwa pana kupita mita 4, kingo zake ni mbichi, na hakuna mti wa maana uliomea ndani. Ukikuta mzeituni wa porini wenye shina nene umeota katikati ya sakafu ya mkato, hapo pumua, kisha pima kila kitu.

Mlimani, tafuta kijukwaa kilichochongwa ubavuni, upande mmoja umekatwa na mwingine umejazwa. Kanuni tunayotumia ni hii: sakafu bapa ya mita 2.5 hadi 4 inaweza kuwa ya gari. Chini ya mita moja, yenye umbo la V, ni ya miguu. Pima upana kila mita 20 na uchukue wa katikati, si mkubwa kuliko wote.

Mteremko ndio shahidi bora. Simamisha fimbo mbili umbali wa mita 20 na upime kutoka alama hadi alama ya urefu uleule. Mwinuko wa 1 kwa 20 ni karibu nyuzi 3, na maksai hupanda bila kelele. 1 kwa 10 ni karibu nyuzi 6, na gari lililobeba tayari ni taabu, hasa kushuka. Kijia kinachopanda nyuzi 12 mfululizo hakikuwa cha gari, hata mzee akisema nini.

Upande wa pili wa kipimo kuna reli. Kati ya Nakuru na Timboroa kuna njia ya reli ya Uasin Gishu, iliyojengwa miaka ya 1920 kupitia Rongai na Maji Mazuri, pamoja na mikato yake. Mwinuko wa reli kwa kawaida hauzidi mita 2 kwa kila mita 100, kona zake ni ndefu na laini, na chini utaona kokoto za mawe makali au karavati ya mawe yaliyochongwa. Kitu kinachopanda taratibu mno na kukata kilima ambacho kingeweza kuzungukwa ni reli. Mhandisi wa magari ya ng'ombe angezunguka.

Mitego mingine midogo: safu mbili za mikalitusi ni njia ya kuingilia shamba la mlowezi. Makinga-maji hufuata kontua bila kwenda popote. Njia za wapasuaji mbao huishia kwenye uwazi msituni.

Udongo nao una tabia zake. Kati ya Nakuru na Ravine ni majivu ya volkano, na mfereji wa magurudumu hugeuka korongo. Ukikuta korongo lenye kina cha mita tatu likishuka kwa mshazari, lisilofuata bonde la asili, huenda barabara ndiyo iliyolizaa. Tazama linapoanzia juu: likianzia ghafla kwenye kigongo, bila eneo la kukusanya maji, shuku mtu. Kwenye udongo mweusi wa mabonde ya Uasin Gishu hutapata kitu, maana magari yalitawanyika kila upande. Ruka hapo, nenda kivuko kinachofuata.

Kipande kwa kipande

Nakuru hadi Rongai: mji wenyewe haufai kutafutwa, umejengwa. Anzia magharibi ya Menengai na ushughulike na mito miwili, Rongai na Molo, yote ikielekea kaskazini upande wa Baringo. Ukipata kivuko kimoja kilichothibitika kwenye Molo, umepata nusu ya kipande hiki. Tembea kingo zote mbili, kilomita mbili juu na mbili chini ya mahali ramani inapoelekeza. Kazi hiyo peke yake ni siku mbili.

Rongai hadi Ravine: ardhi inapanda na makorongo yanakuwa mengi. Fuata vigongo kati ya mito, usifuate mabonde. Jina la mji lenyewe ni la korongo (ndiyo maana ya "ravine" kwa Kiingereza), na kila njia ya gari ililazimika kulizunguka au kulivuka kwa adabu.

Ravine hadi Timboroa: hapa ni msitu, na hapa ndipo alama zimehifadhika vizuri zaidi, kwa sababu jembe halijapita. Ndipo pia picha za setilaiti hazikusaidii. Tembea kwa mistari sambamba yenye mita 50 kati yake, watu watatu kwa pamoja, mmoja akiwa mwenyeji. Angalieni mizinga mitini; nyuki wa huko hawasomi barua ya ruhusa.

Timboroa hadi Kipkaren: tambarare ya Uasin Gishu, mahindi na ngano. Fanya kazi kwa picha za ndege, kisha uthibitishe vivuko tu. Kivuko cha mto Kipkaren kitafute mbali na daraja la sasa, kwenye sehemu zenye mwamba.

Kabras hadi Mumias: vijiji vimebanana, kisha miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kazi mwaka 1973 na mashamba yake yakalimwa kwa trekta, kwa hiyo usipoteze muda katikati ya miwa. Tembea kandokando ya vijito ambako trekta halikuingia. Mumias palikuwa kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kituo cha misafara hata kabla ya Sclater, na makao makuu ya wilaya hadi yalipohamishiwa Kakamega mwaka 1920. Pita Kituo cha Utamaduni cha Nabongo huko Matungu kabla ya kuingia mashambani. Ukitanguliza heshima hapo, milango mingine hufunguka.

Hatua ya saba: kuandika

Kwa kila nukta andika: nambari, tarehe, upana, mteremko, uelekeo wa dira, udongo, mti mkubwa kuliko yote ndani ya alama na mzunguko wake kwenye kimo cha kifua, nani alikuonyesha, na picha mbili zenye fimbo ndani, moja kila upande. Acha simu itulie dakika tano kabla ya kuhifadhi nukta. Kisha ipe daraja:

A: alama iko ardhini, na ramani ya zamani inapita ndani ya mkanda wake.
B: alama iko, ramani haisemi, au ramani inasema na mwenyeji anakubali, lakini alama imefutika.
C: uzi wa kuunganisha tu.

Chora A kwa mstari mzito, B kwa vipande, C kwa nukta, na usikubali mtu akuunganishie kwa mstari mmoja ili ramani ipendeze. Faili la GPX, yaani la nukta na njia ulizohifadhi kwenye simu, libebe daraja ndani ya jina la kila nukta, kwa mfano "MOLO-03-A", kwa sababu rangi hupotea faili likihamishwa kutoka programu moja hadi nyingine.

Ukitaka kuendelea kutoka Mumias kuelekea ziwani, utakutana na Nzoia, na huo ni mto unaokula kingo zake. Kivuko cha 1896 kinaweza leo kuwa shamba la mihogo mita mia kadhaa kutoka majini. Tafuta kwanza mikondo ya zamani iliyokauka kwenye picha za ndege, uichore yote, ndipo ushuke.